Makombo Kwenye Spika

"Usinipumulie hapo, afande," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Pumzi moja tu, ushahidi wako unahama."

Inspekta alirudi nyuma na kujiziba mdomo kwa kitambaa. Kituoni walimwita Bi Taratibu, kwanza kwa mwendo wake, pili kwa sababu hakuna faili lililowahi kutoka mezani kwake likiwa na kiraka. Wenye utani walisema hata kituo kikishika moto, yeye atataka kwanza moto wenyewe uandikishwe kaunta. Kwa kawaida alicheka nao. Leo hakuwa na kicheko. Alikuwa na mwanamke mahabusu, na kuna kitu katika kesi ya mwanamke yule kilimkaa kooni, hakimezeki wala hakitemeki.

Kwenye benchi la fundi, chini ya taa yenye kioo cha kukuza, ilikuwa laptopu ya marehemu.

Marehemu alikuwa karani wa mahakama tangu ujana wake, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Karani. Alikutwa amekufa chumbani kwake mchana, sakafuni, kati ya meza na mlango. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa, na hewa ya mle ndani ilikuwa nzito kwa dawa ya wadudu. Karani alikuwa na pumu. Daktari alisema waziwazi kwamba dawa ile ndiyo iliyomziba pumzi, na kwamba mzee alikuwa anajaribu kuufikia mlango.

Swali likabaki moja. Nani alipuliza dawa ya wadudu ndani ya chumba cha mgonjwa wa pumu?

Mkewe ndiye aliyemkuta. Alikuwa mke wa pili, aliyeolewa baada ya yule wa kwanza kufariki. Aliwaambia polisi kwamba kopo la dawa lilikuwa jikoni siku nzima, na kweli wakalikuta jikoni, lina alama za vidole vyake. Lakini mezani, kando ya laptopu, Inspekta aliona duara la mafuta lililolingana sawasawa na kitako cha kopo lile. Kopo lilikaa pale mezani, halafu mtu akalirudisha jikoni. Mjane alipoulizwa kuhusu duara, aliinamisha kichwa akasema, "Sina la kusema, afande." Tangu hapo hakusema tena, na ndiyo maana alikuwa ndani.

"Mama wa kambo, kopo, uongo," Koplo alikuwa akirudia kila walipopanda gari. "Kesi imeiva hii, afande. Kilichobaki ni kuipakua."

Hata sasa alisimama mlangoni mwa duka la fundi, mikono kifuani, akisubiri chakula kipakuliwe.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa, miwani kichwani, na sifa zake alizitangaza mwenyewe bila kusubiri wateja. Alikwisha kuwaeleza kwamba mjini kote hakuna mkono kama wake. Sasa alichokonoa kwa kijiti cha meno kwenye safu ya matundu madogomadogo upande wa kulia wa kibodi, pale spika inapopumulia. Akainua kitu cha rangi ya kahawia, akakiweka juu ya karatasi nyeupe.

"Mkate," alisema. "Na hiki ni kipande cha biskuti. Mzee wenu alikuwa anakula juu ya mashine. Wote mnafanya hivyo, halafu mnakuja kwangu kulia kwamba sauti inakwaruza." Akanusa. Uso ukamkunjamana. "Lakini hii si biskuti tu. Imelowa dawa. Mtu kamwaga dawa ya wadudu humu, tena si haba. Imeshika na makombo, imekuwa uji, uji umekauka." Akavua miwani. "Huyu alitaka kuiua mashine, afande. Naapa."

Koplo aliondoka mlangoni kama aliyeitwa. "Nilisema! Kuna kitu mle ndani mama wa kambo hakutaka kionekane. Akaiharibu, mzee akaja kumfumania."

"Taratibu," Inspekta alisema.

Ndani ya laptopu walikwisha kuangalia. Hakukuwa na chochote ila picha za familia na simu za video, zote kwa mtu mmoja, binti yake wa pekee aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Huyo alishuka kutoka kwenye ndege moja kwa moja hadi kituoni, akamnyooshea kidole mama yake wa kambo mbele ya askari wote na kusema, "Huyu ndiye aliyemuua baba yangu." Tangu siku hiyo hakulegeza kamba. Alikuwa na wakili, alikuwa na uchungu, na alitaka mashtaka ya mauaji.

"Fundi," Inspekta aliuliza, "mimi nikikuletea spika iliyozibwa na vumbi na makombo, unaanzia wapi?"

"Naizima kwanza. Naigeuza kifudifudi juu ya kitambaa au gazeti, naigongagonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Yaliyolegea yanaanguka yenyewe. Halafu brashi laini, kavu. Mswaki mpya unafaa. Nafagia kuelekea nje, siyo kuyasukuma ndani. Halafu selotepu, nabandika, nabandua, inaondoka na vumbi. Mwisho kabisa natumia blowa ya kupuliza hewa, kwa mbali, kwa adabu. Sindano mwiko. Maji mwiko. Dawa ya mbu," akacheka, "hiyo hata mwiko haijawahi kuwa, maana hakuna aliyewahi kufikiria upumbavu huo."

Inspekta aliomba kioo. Aliinama juu ya matundu ya upande wa kushoto, akakaa pale muda mrefu hadi Koplo akaanza kukohoa makusudi.

"Njoo," hatimaye alisema. "Tundu la tatu kutoka mwisho. Unaona nini?"

Koplo alitazama. "Unywele."

"Wa buluu?"

"Unywele wa mswaki," fundi alidakia, akimsukuma Koplo kwa bega. "Na hapa pembeni kuna ukungu wa gundi. Mstari umenyooka. Selotepu hiyo."

"Na mezani kwa Karani kulikuwa na gazeti limetandazwa," Inspekta alisema. "Lina chembe za mkate. Koplo, uliandika nini?"

Koplo alifungua daftari. "Mabaki ya chakula."

"Hakuna aliyekula juu ya gazeti lile. Laptopu iligeuzwa juu ya gazeti ikagongwagongwa. Ikapigwa mswaki. Ikabandikwa selotepu ikabanduliwa. Baada ya hayo yote ndipo ikamwagiwa dawa. Mtu anayetaka kuiua mashine haipigi mswaki kwanza."

Fundi aliguna. Hakuwa mtu wa kukubali upesi, lakini hakubisha.

Inspekta alikuwa hajamaliza. Aligeuza taa ikamulika ubavuni mwa skrini. Dawa ilikuwa imeacha utando mwembamba wa mafuta kila mahali, na kwenye pembe ya juu ya skrini, pale mtu anaposhika ili isianguke, kulikuwa na alama ya dole gumba iliyogandamizwa ndani ya utando ule ukiwa bado mbichi. Katikati ya alama ulipita mstari mweupe, uliopinda kidogo. Inspekta hakuhitaji kufungua faili. Alikwisha kuliona kovu lenye umbo lile kwenye dole gumba la marehemu, na daktari alikwisha kuliandika.

"Ni yeye," alisema polepole. "Aliishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapuliza. Karani alipuliza dawa mwenyewe."

"Haiwezekani," Koplo alisema. "Mwenye pumu? Majirani wanasema hata kiatu kikipakwa rangi mlango wa tatu, mzee anahama."

"Ndiyo maana nauliza nani alimwambia."

Kwa sababu Karani, kila aliyemfahamu alisema hivyo, alikuwa mtu wa maelekezo. Mahakamani kulikuwa na hadithi kwamba hakimu mmoja alimwambia, "Nisubiri hapa nje," akasahau, akaenda zake nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mlinzi alipokuja kufunga jengo alimkuta Karani bado amesimama, faili kwapani. Maelekezo aliyapokea kama yalivyo, akayatekeleza kama yalivyo. Asingebuni mwenyewe habari ya gazeti, mswaki na selotepu. Mtu alimpangia hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho ndiyo iliyomuua.

"Nimalizie kuisafisha?" fundi aliuliza wakiondoka.

"Acha hivyo hivyo," Inspekta alisema. "Usiguse hata chembe."

Binti alifikia nyumbani kwa baba yake. Aliwapokea sebuleni akiwa amevaa sweta la marehemu, mikono imekunjwa mara mbili, macho yamevimba. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, na alikuwa na kidevu cha babaye, mtu asiweze kumkana.

"Mmemfikisha mahakamani?" lilikuwa swali lake la kwanza, kabla ya karibu.

"Bado. Nina maswali machache."

"Maswali kwangu? Muulizeni yule mwanamke."

"Yeye hasemi."

"Aseme nini na ukweli unamsuta?" Alikaa chini, akajikunyata ndani ya sweta. "Uliza, afande. Samahani. Sijalala."

Inspekta aliuliza kuhusu jioni zao, na hapo binti akalegea kidogo, kama mtu anayeruhusiwa kuketi. Alisema walikuwa wakila pamoja kila jioni. Yeye kwake, baba yake huku, laptopu mbele yao. Tangu mama yake alipofariki, baba hakuweza kula peke yake, chakula kilimkwama. Kwa hiyo binti alipangilia saa zake za kazi ili wale pamoja. Hata baba alipooa tena, desturi yao haikuvunjika.

"Alikuwa akinikaribisha mkate kupitia skrini," alisema. "Anamega, ananiletea mdomoni, huku anacheka. Makombo yote yanaanguka kwenye kibodi. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

Inspekta alifikiria vile vipande vya kahawia juu ya karatasi ya fundi, akajikuta anatazama pembeni.

"Mlizungumza lini kwa mara ya mwisho?"

"Asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kwa simu ya kawaida. Kwenye laptopu alikuwa hanisikii tena, sauti yangu ilikuwa inamfikia kama niko ndani ya gunia. Alikuwa akishinda amefunga mlango na dirisha kabisa ili apate walau maneno mawili matatu. Na wiki hiyo alikuwa analalamika kuna sisimizi. Anasema wanaingia kwenye vile vitundu vya spika wakati mimi naongea, nao wanakula chakula chetu." Alitabasamu bila kutaka. "Nikamwambia, Baba, hao wamefuata makombo yako. Spika ikisafishwa watakwenda zao na mimi utanisikia."

"Ukamwelekeza namna ya kusafisha."

"Ndiyo. Unamjua Baba. Alitaka hatua kwa hatua."

"Nielekeze na mimi," Inspekta alisema. "Kama ulivyomwelekeza yeye."

Binti alimtazama kwa mshangao, lakini akafanya. Aliweka viganja vyake pamoja, akavifungua kama laptopu. "Izime. Igeuze juu ya gazeti, igongegonge. Chukua mswaki mkavu, fagia. Chukua selotepu, bandika, bandua. Halafu pulizia."

Na aliposema hivyo alikusanya midomo yake, akapuliza hewa laini juu ya viganja vyake vitupu, fuu, kama mtu anayepooza chai ya mtoto.

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Neno lile aliliona likisimama peke yake katikati ya sebule. Mtu hupulizia moto kwa mdomo. Mtu hupulizia dawa kwa kopo. Hakuna tofauti masikioni, tofauti iko midomoni na mikononi, na simu ya kawaida haionyeshi midomo. Karani alikuwa amemaliza kusema habari ya sisimizi, na mwanawe, kwa upendo wote, akamwambia apulizie.

"Pulizia," Inspekta alirudia, akijitahidi sauti isibadilike. "Ulisema hivyo hivyo?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Naandika tu."

Kwa kweli hakuwa anaandika. Miaka yote ya kazi hii alikwisha kuwatazama wauaji usoni bila kupepesa, na sasa alishindwa kumtazama msichana aliyevaa sweta la baba yake. Alisimama, akaaga. Binti alimfuata hadi mlangoni.

"Afande, nataka jambo moja tu. Nataka aliyemuua Baba ajue kwamba nimemjua."

Inspekta alisema watawasiliana. Garini Koplo alimuuliza kama amepata lolote, naye akajibu kwamba kichwa kinamuuma. Hilo lilikuwa kweli.

Katika chumba cha mahojiano Inspekta alimwambia Koplo asubiri nje. Mjane aliletwa, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mpole wa sura, na kukaa ndani kulikuwa kumemkondesha mashavu. Alitazama ukuta.

"Mama," Inspekta alisema, "sikuulizi kama ulimuua. Najua hukumuua. Nakuuliza, asubuhi ile mumeo alikuambia nini kuhusu spika?"

Mjane aliendelea kutazama ukuta, lakini sasa ukuta ulikuwa haumsaidii.

"Sina la kusema, afande."

"Alikuambia, binti kasema nipulizie."

Mama yule aligeuka. Hofu iliyokuwa usoni mwake haikuwa ya mtu anayeogopa jela. "Nani kakuambia? Umemwambia yeye? Afande, umemwambia mtoto?"

"Sijamwambia mtu."

Basi akalia. Alilia kwa sauti ya chini, amejishika kifua, kama mtu aliyebeba mzigo mrefu akaambiwa atue. Inspekta alimsogezea kitambaa chake mwenyewe, akasubiri.

"Aliniambia asubuhi, mimi natoka kwenda sokoni," mjane alisema alipoweza. "Alikuwa na furaha hiyo. Ananifuata hadi mlangoni na mswaki mkononi. 'Kasema nisafishe, halafu nipulizie, leo jioni nitamsikia kama yuko hapa.' Mimi nikacheka. Nikamwambia, 'Kwa mapafu hayo, utapuliza nini wewe? Nisubiri nikupulizie mimi.' Nilidhani ni mdomo, afande. Kila mtu angedhani ni mdomo." Alifuta uso. "Niliporudi nikasikia harufu kuanzia uani. Nikamkuta sakafuni. Kopo liko mezani. Nikaona kopo, nikaona gazeti, nikaelewa yote papo hapo. Kabla sijapiga hata kelele, nilikuwa nimeelewa."

"Ukalichukua kopo."

"Nikalipeleka jikoni. Sikufikiri mbali. Nilifikiri, mtoto akija akalikuta hapa, karibu na hiyo spika, atajua. Ataishi vipi?"

"Na alipokuja akakunyooshea kidole mbele ya watu?"

"Alikuwa na haki ya kumnyooshea mtu." Mjane alikunja kitambaa, akakikunjua. "Hanipendi. Sikumlaumu hata siku moja. Niliingia kwenye nyumba ya mama yake, nikapika kwenye sufuria za mama yake. Wakila na baba yake jioni mimi nilikuwa nakaa jikoni, niwaachie nafasi yao. Nilikuwa nawasikia wakicheka. Afande, mwenye kicheko kile ukimwambia kwamba kwa mdomo wake mwenyewe..." Hakumaliza. "Mimi mkinifunga nitakaa, nitatoka. Yeye akilijua hili, atatoka vipi?"

Inspekta alifunga faili. Alimweleza lililo ndani ya uwezo wake: kwamba hakuna mauaji, kwamba mzee alipuliza dawa mwenyewe na kifo chake ni ajali, kwamba kosa lake mama ni kuhamisha kopo, na hilo litamalizwa kwa onyo. Ataachiwa leo.

"Kwenye karatasi utaandika alikuwa anapulizia nini?"

Bi Taratibu aliitazama kalamu yake. Hakuna faili lake lililowahi kutoka na uongo, hata wa nukta. "Nitaandika alipuliza dawa ndani ya chumba kilichofungwa," alisema. "Hilo ni kweli. Nitaishia hapo."

"Mungu akuweke," mjane alisema, na akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kaunta ilikuwa na watu wachache. Askari wa zamu alimrudishia mjane mtandio wake, pochi na ndala. Alikuwa ameinama anavaa ndala ya kwanza pale Koplo alipokuja kwa haraka, amejaa juhudi njema.

"Nimeshampigia binti, afande. Taratibu zinasema mtuhumiwa akiachiwa, familia ya marehemu ijulishwe. Alikuwa njiani anakuja hapa hapa na wakili wake."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Inspekta alilichukia neno lile, taratibu. Hakupata hata nafasi ya kumjibu. Mlango ulisukumwa, na binti akaingia peke yake, wakili bado anaegesha gari.

"Mnamwachia?" Sauti yake ilijaa ukumbi. "Kwa nini mnamwachia?"

"Karibu ofisini, tuzungumze," Inspekta alisema.

"Nizungumzie hapa. Kwa nini?"

"Ni ajali. Baba yako alipuliza dawa mwenyewe. Tuna alama ya kidole chake."

"Baba?" Binti alicheka, kicheko kibaya. "Baba anayehama nyumba kwa harufu ya rangi ya kiatu? Alipuliza dawa? Alikuwa anapulizia nini?"

Inspekta alifungua mdomo. Mjane akamuwahi.

"Mbu," alisema, akiwa bado ameshika ndala ya pili mkononi. "Walikuwa wengi siku hiyo."

"Mchana kweupe?"

"Walikuwa wengi," mjane alirudia, na akatazama chini. Alikuwa mwanamke ambaye uongo ulimkataa. Askari wa zamu mwenyewe aliona.

Binti alimtazama yeye, halafu akamtazama Inspekta. Kitu fulani kilianza kwenda usoni mwake, polepole. Inspekta alitamani kukizuia kwa mkono. Binti alikuwa anakumbuka sebule. Alikuwa anakumbuka kalamu iliyosimama.

"Uliniuliza neno," alisema. "Uliniuliza kama nilisema hivyo hivyo."

Midomo yake ilijikusanya, kama anataka kupuliza, ikabaki pale pale. Mkono ukapanda taratibu na kuifunika.

"Aliniuliza," alisema kwa nyuma ya vidole. "Baba aliniuliza. Alisema, 'Na kifua changu, mwanangu?' Nikadhani anasema hana pumzi ya kutosha. Nikamwambia, 'Kidogo tu, Baba, hakitakuua.'" Alimtazama Inspekta kana kwamba Inspekta angeweza kusahihisha. "Nilikuwa natania. Akacheka. Tukacheka wote wawili."

Akaanza kuanguka. Mjane aliitupa ndala, akamdaka kabla hajafika chini, wakashuka pamoja hadi kwenye sakafu ya kaunta. Binti alimsukuma, akampiga begani, akamsukuma tena, na mama yule hakumwachia. Koplo alisogea kusaidia. Inspekta akamzuia kwa kifua.

"Kwa nini hakubisha?" binti alikuwa anauliza, uso umezama kwenye mtandio. "Alijua itamdhuru. Alijua. Kwa nini hakunibishia tu?"

Mjane alimtikisa kidogo kidogo, kama anayebembeleza mtoto mchanga.

"Alitaka kukusikia, mwanangu," alisema. "Alitaka tu kukusikia."

Inspekta aliwaashiria askari watoke nje. Walitoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yeye mwenyewe, na akaurudisha mlango nyuma yake kwa utulivu.